Vidole Ishirini kwa Muziki wa Vidole Kumi: Kuipanga Kazi ya Mussorgsky kwa Piano Mbili

Ukimpa mwanamuziki kitabu cha noti cha piano moja na kumwomba akipange upya kwa piano mbili, jaribio lake la kwanza huangukia moja ya njia mbili. Ama atagawa kwa mikono: noti za mkono wa kulia ziende kwa mpigaji huyu, za kushoto kwa yule. Ama atamwachia mpigaji wa kwanza kila kitu kama kilivyo, kisha aijaze piano ya pili kwa oktava (noti ileile ikirudiwa juu au chini) na kodi (noti kadhaa zinazolia kwa mpigo mmoja) ili sauti inenepe. Njia ya kwanza inawaweka jukwaani watu wawili wafanye kazi ambayo mmoja aliimudu peke yake tangu zamani. Ya pili inazalisha kelele.

Ugumu wenyewe uko kwingine. Kila muziki ulioandikwa kwa piano moja umebeba alama za mwili wa binadamu. Kiganja hakifiki mbali zaidi ya oktava moja na noti mbili tatu, mguu mmoja ndio unaoshika pedali ya kudumisha mlio, na kidole kikishakuwa huku hakiwezi kuwa kule. Mtunzi huandika akiyajua hayo. Mahali pengine hujibana, akaiacha noti aliyoitaka kwa kuwa hakuna kidole kilichobaki. Mahali pengine kubanwa huko huko ndiko muziki wenyewe: jasho la mpigaji, mruko wa mkono, kuchelewa kidogo kabla ya kodi kubwa. Mpangaji muziki anatakiwa atenganishe mambo haya mawili, kipimo (fungu dogo la mapigo) baada ya kipimo, na karatasi haimwambii lipi ni lipi.

Mfano unaonifundisha zaidi ni *Picha Katika Maonyesho* ya mtunzi wa Urusi Modest Mussorgsky. Rafiki yake Viktor Hartmann, msanifu majengo na mchoraji, alifariki mwaka 1873 akiwa na miaka 39. Mapema mwaka uliofuata, mhakiki Vladimir Stasov alisaidia kuandaa maonyesho ya kazi za marehemu mjini St. Petersburg. Mussorgsky aliyazuru, na mwezi Juni 1874, ndani ya wiki tatu hivi, akaandika mfululizo wa vipande 10 vya piano, kila kimoja kikitokana na kazi ya Hartmann. Katikati ya vipande hivyo hurudi mara kwa mara mahadhi yaitwayo Promenade, matembezi ya mtazamaji anayetoka picha hii kwenda nyingine. Mtunzi alifariki mwaka 1881 bila kukiona kitabu chake kikichapwa. Kilitoka mwaka 1886, kikiwa kimepitiwa na Nikolai Rimsky-Korsakov. Mwaka 1922 mtunzi wa Ufaransa Maurice Ravel alikigeuza kuwa muziki wa okestra kwa maombi ya kondakta Serge Koussevitzky, na sura hiyo ndiyo wasikilizaji wengi wanayoifahamu.

Ravel aliifanya kazi yake kwa ustadi mkubwa hivi kwamba amewaachia wapangaji mtego. Anayekaa kuandika kwa piano mbili hujikuta akiisikia tarumbeta ya Ravel kwenye Promenade na saksafoni yake kwenye kipande cha Ngome ya Kale, kisha anatafuta namna ya kuziigiza. Wako pia wanaodai kwamba Mussorgsky hakuandika vizuri kwa piano, kwamba noti zake ni rasimu iliyokuwa ikiingojea okestra. Sikubaliani nao. Ukavu wa noti hizo, kodi zilizo tupu, mahadhi yanayotembea bila kusindikizwa, ni uamuzi wa mtu aliyekuwa mpiga piano hodari na aliyejua anachokiacha nje. Piano mbili bado ni piano. Hazina pumzi ya tarumbeta, na mpangaji anayelikubali hilo mapema atajiokoa na mengi.

Historia inatupa mitindo miwili ya kupima. Mwaka 1877 mtunzi wa Norway Edvard Grieg alichukua baadhi ya sonata za Mozart akaziandikia piano ya pili. Piano ya kwanza inapiga Mozart kamili, haikosi hata noti, na ya pili inaongeza maneno ya Grieg pembeni. Matokeo yanapendeza, lakini masikio hayaachi kuhesabu watu wawili wa karne mbili tofauti. Mtunzi wa Ufaransa Claude Debussy alifanya kinyume chake mwaka 1891. Alizichukua etyudi (vipande vya mazoezi) sita ambazo Robert Schumann alizitunga mwaka 1845 kwa piano yenye ubao wa pedali za miguu kama wa kinanda cha kanisa, ala iliyokuja kupotea. Noti za Schumann aliziheshimu, na kazi yake kubwa ikawa kugawa: sauti hii iende upande huu, ile inayoifuata iitikie upande ule, ili msikilizaji aweze kuzifuatilia zote. Kwa Mussorgsky mimi namfuata Debussy karibu kila mahali, na Grieg namkumbuka pale tu ninapohitaji kuonywa.

Tuanze na Promenade ya kwanza, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Muziki unaanza kwa mahadhi ya sauti moja tupu, kisha mahadhi hayohayo yanarudi yakiwa yamevikwa kodi. Aliyekulia kwenye kwaya atautambua mtindo huo mara moja: mwimbishaji anatangulia, kundi linaitikia, kama zilivyo nyimbo nyingi za watu wa Urusi. Mapigo hayatulii, kipimo cha mapigo matano kinafuatwa na cha mapigo sita. Ukiwa na piano mbili, jibu linaonekana limejileta lenyewe: piano ya kwanza iwe mwimbishaji, ya pili iwe kundi.

Nadhani huko ni kukosea, ingawa ni kosa linalovutia. Mussorgsky mwenyewe alimwandikia Stasov kwamba sura yake inaonekana ndani ya vipande hivi vya kuunganishia. Anayetembea ukumbini ni mtu mmoja, na mzigo wa kumkumbuka rafiki ni wa kwake peke yake. Akikatwa vipande viwili tangu kipimo cha kwanza, msikilizaji atatazama huku na huku jukwaani badala ya kumfuata. Mimi ningeiachia piano ya kwanza Promenade nzima ya mwanzo. Mpigaji wa pili akae, mikono mapajani, mpaka Gnomus, kipande cha kibeti kinachofuata, ianze. Anapoingia hapo, kwa noti za chini zinazochomoka ghafla na kunyamaza ghafla, uwepo wa ala ya pili unakuwa tukio. Wapangaji wengi huogopa kumwacha mtu akae bila kazi, na hofu hiyo imeharibu mipangilio mingi kuliko uhaba wa ufundi.

Faida kubwa ya piano ya pili, kwa maoni yangu, iko kwenye miguu kabla ya mikono. Pedali ya kulia huinua vizimishi vyote, vile vipande vinavyonyamazisha nyuzi, kwa pamoja. Ukiikanyaga ili besi iendelee kulia, kila kitu kinachopigwa juu yake nacho kinaendelea kulia, na kodi mbili zisizoelewana zinachafuana. Ukiiachia ili usafishe, besi inakufa. Katika mwaka uleule wa 1874 Steinway walipata hataza ya pedali ya katikati, inayoshikilia noti zilizochaguliwa tu, lakini hakuna sababu ya kudhani Mussorgsky aliandika akiiwazia. Piano mbili zinalimaliza tatizo hilo, kwa sababu kila ala ina pedali yake na mguu wake.

Ngome ya Kale inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko kipande kingine chochote. Ni wimbo wa huzuni kwenye ufunguo wa G-shapu maina, na chini yake noti ya G-shapu inarudiwa tangu mwanzo hadi mwisho bila kuhama. Mpiga piano mmoja hulazimika kuchagua: ama auache ukungu wa pedali uyafunike mahadhi, ama ayasafishe mahadhi na besi ibaki kama mtu anayegonga mlango. Katika piano mbili, ya pili inaichukua noti hiyo na sauti za katikati, pedali ikikanyagwa kwa muda mrefu na vidole vikigusa kwa wepesi sana. Ya kwanza inaimba mahadhi ikibadilisha pedali kila panapohitajika. Hapajaongezwa noti hata moja, na kipande kimebadilika. Nasisitiza kwamba G-shapu lazima iendelee kurudiwa kama ilivyoandikwa. Mlio wa piano huanza kufa mara tu nyundo inapougonga uzi, na mpangaji atakayeandika noti moja ndefu akidhani itadumu atabaki na shimo mahali pa besi.

Sehemu inayofuata Makaburi ya Chini ya Ardhi inanufaika kwa njia hiyohiyo. Juu kuna noti ya F-shapu inayotetemeshwa kwa oktava, chini yake mahadhi ya Promenade yanapita yakiwa yamegeuka kuwa ya maombolezo. Mtetemo wote uende kwa mpigaji mmoja, pedali laini ikiwa imekanyagwa, na mahadhi yaende kwa mwenzake. Usiugawe mtetemo kati ya wawili kwa kutafuta usawa. Mkono mmoja unautuliza vizuri zaidi kuliko wawili wanaosikilizana.

Bydło, mkokoteni mzito wa Kipoland unaokokotwa na ng'ombe, una masuala mawili. La kwanza ni la toleo. Katika mwandiko wa mtunzi, mkokoteni unaanza kwa sauti kubwa kabisa, tayari uko mbele yetu. Toleo la mwaka 1886 liliuanzisha kwa sauti ndogo inayopanda polepole, kana kwamba unatokea mbali, na Ravel aliyetumia toleo hilo akafuata hivyo. Katika kipande cha tajiri na maskini, Goldenberg na Schmuÿle, toleo hilohilo lilibadilisha hata noti moja katika zile za mwisho. Mpangaji anayeanza kazi bila kuangalia mwandiko, ambao nakala yake ya picha imechapwa tangu miaka ya 1970, anapanga masahihisho ya mtu mwingine bila kujua. Mimi nauanza mkokoteni kwa nguvu.

La pili ni la sayansi ya sauti. Mkono wa kushoto una kodi za noti zilizokaribiana, chini sana kwenye ubao. Noti za chini zimejaa milio midogo inayoambatana na mlio mkuu, na zikikaribiana milio hiyo hukwaruzana. Katika piano moja mkwaruzo huo ndio magurudumu ya mkokoteni, na ni mzuri. Ukiuandika mara mbili unapata ngurumo isiyo na noti ndani yake. Tena hupati nguvu uliyoitarajia: ala mbili zikipiga kitu kilekile kwa nguvu sawa, sauti huongezeka kwa desibeli 3 hivi, ilhali sikio huhitaji kama desibeli 10 ili lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu. Kinachoongezeka kwa hakika ni ukungu, kwa kuwa wapigaji wawili hawagongi kwa sekunde ileile kamili na nyuzi za piano mbili hazilingani kabisa. Kwa hiyo kodi za magurudumu ziachiwe piano moja. Ya pili ishike mahadhi, na mkokoteni unapokuwa karibu kabisa iongeze oktava moja, juu ya mahadhi wala si chini yake.

Goldenberg na Schmuÿle wenyewe hawana utata. Mtunzi ameandika watu wawili wenye sauti mbili, kisha akawazungumzisha kwa wakati mmoja; kila mmoja apewe ala yake. Vifaranga ndani ya maganda yao, kipande chepesi cha noti fupi zinazorukaruka, ningemwachia mpigaji mmoja bila kugusa kitu.

Limoges na Baba Yaga ndizo sehemu ambazo mpangaji anaweza kufurahi. Limoges ni wanawake wanaogombana sokoni, noti za haraka zisizokatika hadi mwisho. Baba Yaga ni mchawi wa hadithi za Kirusi anayesafiri ndani ya kinu akijisukuma kwa mchi, na Mussorgsky amempa oktava kali zinazopigwa na mikono yote kwa kasi. Kishawishi ni kuifanya mikono yote minne ya wapigaji izipige oktava hizo pamoja. Kwa kasi ile wapigaji hawatalingana, na mchawi atasikika kama anayejikwaa. Kupokezana kunafaa zaidi, kama wanawake wawili wanavyotwanga kinu kimoja: mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka, na mwanya kati ya mapigo haupo. Sharti lake ni mishono. Kila mpokeo uandikwe hivi: noti ya mwisho ya anayetoa iwe pia noti ya kwanza ya anayepokea, wapige wote wawili hapo, kisha mmoja aache. Noti hiyo moja ya pamoja huficha kiungo kwenye sikio, na huwapa wapigaji mahali pa kushikana. Usibadilishe mikono kila pigo. Nusu ya kipimo ndiyo ndogo kabisa inayopigika kwa amani, na kipimo kizima ni salama zaidi. Wakikaa wametazamana, ugomvi wa Limoges utaonekana pia kwa macho, na hilo halihitaji kuandikwa kwenye noti.

Lango Kuu la Kyiv ndilo lililonisumbua zaidi. Hartmann alilisanifu kwa ajili ya shindano la kuadhimisha kunusurika kwa Mfalme Alexander wa Pili, aliyeshambuliwa mwezi Aprili 1866, na halikujengwa kamwe. Muziki una mahadhi makuu kwa kodi pana, wimbo wa kanisa wenye sauti ya chini unaokatiza mara mbili, kisha kengele, na ndani ya kengele hizo yule mtembeaji wa Promenade anarudi. Kuelekea mwisho mikono inashuka kuidaka oktava ya besi, inapanda kuzidaka kodi, inashuka tena. Kila mruko unakula muda. Mpigaji anayejitahidi kutoharakisha analipanua pigo kidogo, na upana huo ndio ukuta wa lango.

Katika piano mbili hakuna mruko. Mmoja anabaki chini na besi, mwingine anabaki juu na kodi, na vyote vinaweza kulia pamoja kwa usahihi. Ni faida isiyopingika: kengele za chini zinaweza kulia kweli, pedali ikiwa imekanyagwa bila kuziharibu kodi. Lakini ukisikiliza mipangilio mingi ya ukurasa huu, lango limekuwa jepesi. Mapigo yanapita kama gwaride, kwa kuwa hakuna tena mwili unaopambana na umbali. Hiki ndicho kisa halisi cha ubano uliokuwa muziki. Dawa ninayoiamini ni kuuacha mruko mahali fulani kwa makusudi: mpigaji wa kwanza aendelee kuidaka besi yake mwenyewe kama ilivyo katika piano moja, na wa pili aongeze kengele ndefu tu, noti chache zinazoachwa zilie. Hapo mpigaji wa pili anamsubiri wa kwanza, na pigo linapanuka lenyewe. Mpiga piano Vladimir Horowitz, katika miaka ya 1940, aliandika toleo lake la piano moja akiongeza oktava na noti nyingi hadi mtu anadhani zinapigwa ala mbili. Linasisimua mno. Ila lilihitaji Horowitz aliyebanwa na mikono miwili. Noti zilezile zikigawiwa mikono minne ya watu wawili, msisimko unayeyuka.

Wimbo wa kanisa ndani ya Lango unahusu samani za jukwaani. Kwa kawaida piano kubwa mbili hupangwa zikiwa zimetazamana, pinda la moja likiingia kwenye pinda la nyingine. Piano ya mbele hufunguliwa kifuniko chake kuelekea watu, na ya nyuma huondolewa kifuniko kabisa. Sauti ya mbele basi huja moja kwa moja, na ya nyuma hupanda juu na kutawanyika. Anayegawa mahadhi bila kulijua hili atashangaa kwa nini sehemu aliyoiandikia piano ya pili haisikiki kwa ung'avu. Anayelijua atalitumia: mtunzi ameagiza wimbo ule upigwe bila hisia, na ukitoka kwenye ala ya nyuma peke yake tayari umeshakuwa mbali.

Kuhusu kutyuni, ala zote mbili zityuniwe na fundi mmoja, siku moja, ya pili ikifuata ya kwanza. Nyuzi za piano za ukubwa tofauti hazitanui oktava zao sawasawa, na fundi mmoja ndiye anayeweza kuzisogeza zikutane. Zikikataa kukutana kwenye noti za juu kabisa, mpangaji aondoe kila mahali ambapo ala zote zinapiga noti hizo pamoja.

Kuhusu uchapaji, kila mpigaji awe na kitabu chenye sehemu za wote wawili, moja juu ya nyingine. Karatasi zinaongezeka na kurasa zinageuzwa mara nyingi zaidi, hivyo mageuzo yawekwe pale ambapo mmoja ana mkono ulio huru, na wasigeuze wote kwa wakati mmoja. Baada ya zoezi la kwanza rudi na kifutio. Futa kuanzia oktava mbili za chini, ukiwauliza wapigaji wote wawili ni noti gani wanazozipiga bila kuzisikia, kisha panda juu.